Taja Nia Yako

Katika arobaini ya Bi. Kibibi, mwezi uliopita, pale pale Mtoni, mjukuu wake Rehema alifunga msahafu, akanigeukia mbele ya wanawake waliojaa ukumbini, akasema, "Shangazi Zuhura, tutajie nia." Hiyo ndiyo desturi ya nyumba ile: kabla mikono haijanyanyuliwa, mtu mmoja husema kwa sauti tunaomba nini na tunamwombea nani, ndipo wengine waitikie amina. Wakanitazama wote. Walikuwa na haki ya kunitazama, maana mimi nimekula kwa kusema. Karibu maisha yangu yote ya utu uzima nimekaa mbele ya kipaza sauti, na kuna watu wanaonijua kwa sauti bila kuniona sura. Lakini siku ile maneno yaliyokuja kwenye ulimi ni yale yale mawili yaliyoniponza nikiwa na miaka ishirini, katika ukumbi ule ule: Mungu anajua. Nikayameza. Nilikaa kimya kwa muda ambao wenzangu waliuona mfupi tu, lakini kwangu mwaka mzima ulipita.

Nilifikaje Mtoni si habari ya leo. Itoshe kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikaletwa kukaa na Shangazi Mwajuma aliyepanga chumba katika nyumba ya Bi. Kibibi. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi mrefu katikati, na nyuma ua wenye jiko, choo na bafu. Kuta za vyumba hazikufika juu. Zilikoma kwa urefu wa mtu na nusu, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha kwanza alipewa pole na chumba cha sita. Tulijuana mpaka ndoto. Chumba cha mwisho, kinachopakana na ua, walikaa Mama Anjela, mumewe na binti yao Anjela, Wakatoliki waliotoka Newala. Baba Anjela alikuwa mchonga vinyago. Tangu asubuhi alikaa uani na gogo la mpingo katikati ya miguu, na juu ya ukuta wa bafu aliweka redio yake, ambayo mgongo wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Harufu ya uani ilikuwa ya vumbi la mpingo, moshi wa mkaa na samaki wa kukaanga, na hata leo nikikutana na mojawapo ya harufu hizo natabasamu peke yangu kama mwehu.

Na mwaka ule, jamani, kila kitu kilikuwa kinafunguka. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sabuni tuliona sabuni za rangi tatu zimepangwa dukani na mwenye duka anakubembeleza uchukue. Mtaa wa pili kijana mmoja aliweka televisheni barazani, watu wakawa wanatoka hadi Mtongani kwenda kuitazama, hata siku inayoonyesha chenga tupu. Kisha ikasemekana kuwa watu binafsi wameruhusiwa kufungua redio. Kwa mtu aliyezaliwa nchi ina redio moja, ilikuwa kama kuambiwa kuna mwezi wa pili. Nilikuwa na miaka ishirini, nina afya, mji umechangamka, na nilikuwa naamka asubuhi moyo unanidunda bila sababu yoyote.

Kila Alhamisi alasiri, vyombo vikishaoshwa, Bi. Kibibi alitandika mkeka ukumbini, akafukiza ubani, akatoa sahani ya tende na birika la kahawa ya tangawizi, na wanawake wa nyumba wakakaa kwa dua. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mzaliwa wa Mtoni na wazee wake wazaliwa wa Mtoni, mwenye sauti ndogo na goti bovu. Sharti lake lilikuwa moja: ukitaja nia, taja kitu. Aliyetaja hewa alirudishwa kama mwanafunzi. "Naomba afya," atasema mtu, na Bi. Kibibi atauliza, "Afya ya wapi? Mgongo? Jicho? Sema." Mwenyewe alianza kila wiki na goti lake. "Ya Rabbi, goti langu la kulia," alisema huku analigusa, "la kulia, si la kushoto, la kushoto nakushukuru." Sisi tuliitikia amina huku tumeng'ata midomo tusicheke. Mama Anjela hakukaa mkekani. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, rozari shingoni, anamenya mihogo, lakini alitaja nia yake kama wengine, na amina yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Shangazi Mwajuma alikuwa na nia moja isiyobadilika. Aliuza nguo za mitumba sokoni Temeke, na mitumba ilikuja kwenye belo lililobanwa kwa mikanda ya bati. Unalinunua hujaliona ndani. Ukishalikata ndipo ujue umepata magauni au umepata makoti ya baridi, ambayo Dar es Salaam hata mwenye homa hayataki. Kwa hiyo kila Alhamisi aliomba belo lake lisiwe la makoti. Wiki ya nne au ya tano nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi," nikasema, "belo limeshafungwa huko Ulaya. Limepanda meli, limeshuka bandarini. Kama ni makoti ni makoti. Ukiomba leo yatageuka magauni?"

Mkono wa mtu mmoja ulibaki na tende hewani. Shangazi hakukasirika, alitafuna tu, ananitazama.

"Najua limeshafungwa," akasema.

"Na Mungu anajua kilichomo."

"Anajua."

"Na anajua unataka magauni."

"Anajua tangu sijazaliwa."

"Sasa unamwambia nini?"

"Nisikilize, we msomi. Nikiomba, nikalikata nikakuta makoti, nitalia, lakini nitalia niko na Mungu wangu. Nisipoomba, nitalia niko na makoti."

Wanawake walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bi. Kibibi peke yake hakucheka. "Swali zuri hilo, Zuhura," akasema. "Kaa nalo." Nilikaa nalo kwa kiburi. Nilijiona nimewashika pabaya, na kwa wiki kadhaa nikawa nazunguka nalo nyumba nzima kama mtu aliyepata kitu kipya dukani. Nilimuuliza Mama Anjela tunachambua mchicha. Aliwaza kidogo, akaniambia, "Anjela alipokuwa mdogo nilijua saa yake ya njaa kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa namlisha tu. Siku aliyokuja kwa miguu yake akasema mama nina njaa, mwana, nilimpakata." Nilimuuliza na mumewe. Baba Anjela alipuliza vumbi kwenye kinyago, akasema kwamba yeye anasali kwa sauti kwa sababu moja: kuna mambo aliyatamani miaka mingi, lakini alipoyasikia yanatoka mdomoni mwake mbele ya Mungu aliona aibu akayaacha. "Moyoni yalikuwa yananukia vizuri," akasema. Majibu yote mawili niliyapenda, na yote mawili niliyaona hayanihusu.

Hayakunihusu kwa sababu mimi nilikuwa na langu ambalo sikumwambia kiumbe. Nilitaka kusoma redioni. Leo naliandika kwa mstari mmoja mfupi, lakini siku zile lilinijaa kifuani mpaka nikakosa usingizi wa mchana. Bafu letu lilikuwa na kuta za saruji na nusu yake imeezekwa bati, na sauti humo ndani ilizunguka ikakurudia imenenepa. Kila asubuhi, Shangazi akishatoka kwenda sokoni na nyumba ikishapoa, niliingia na ndoo ya maji, kopo la kuogea na kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua au dagaa. Niliweka kopo mbele ya mdomo nikasoma. Gazeti lilikuwa na mafuta, limechanika, habari haina mwanzo wala mwisho: waziri anaingia kwenye shimo la dagaa na hatoki, mpira unapigwa haufiki golini. Nilisoma hivyo hivyo, kwa utulivu, kwa heshima ya taifa, nikamaliza kwa kujitaja jina. Kisha nikamwaga maji ili watu wasikie naoga. Niliona nimejificha vizuri sana.

Siku moja kipande cha gazeti kilikuwa na tangazo. Redio mpya, itakayofunguliwa mjini karibuni, ilitafuta sauti mpya. Anayetaka afike Jumatatu fulani asubuhi apimwe. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nilisoma tangazo lile nimesimama bafuni na sabuni machoni, nikalisoma tena, nikalikunja nikaliweka ndani ya kiatu. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kukimbia hadi Kilwa Road na kurudi. Badala yake nilitoka nikaanika kanga, mikono inatetemeka, na Baba Anjela akaniuliza kama maji yalikuwa ya baridi sana.

Alhamisi iliyofuata, ilipofika zamu yangu ya kutaja nia, nilifungua mdomo nikaona nyuso za wanawake wale wote. Nikafikiria: msichana anayevaa kile kilichobaki kwenye belo, anataka kusema na Tanzania nzima. Watacheka. Wakicheka, Shangazi atasema kazi za redio ni za wahuni, na mambo yataishia hapo. Wakati huo huo kiburi changu kikaniletea mlango wa kutokea: si nilisema mwenyewe kwamba Mungu haambiwi? Nikainamisha kichwa.

"Mimi langu," nikasema, "Mungu anajua."

Nilishangaa Bi. Kibibi hakunirudisha. Alinyanyua mikono, akasema, "Ya Rabbi, lake hilo unalolijua, ukiona lina heri umpe." Mkekani palipita kitu. Mmoja alimkanyaga mwenzake mguu, mwingine akafunika mdomo kwa mtandio. Mimi sikuelewa, kwa kuwa sikukulia pale. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwa wanawake wa nyumba ile msichana anayeweza kusema goti, kusema jicho, kusema mtihani, lakini akainama na kusema Mungu anajua, ana jambo moja tu. Anataka mume.

Basi wakaniombea. Nani angewazuia? Waliniombea kwa bidii ambayo sijawahi kuombewa tena. Alhamisi ya pili nia yangu ilitajwa kabla yangu: mume mwema, mcha Mungu, asiye na mkono mwepesi wa kupiga. Mama Anjela aliongeza kutoka kizingitini kwamba awe na meno yake yote, na akaahidi kuniwashia mshumaa kanisani kwake. Niliitikia amina na wenzangu. Ningesema nini? Kusema si hilo kungenilazimu kusema ni lipi. Wanawake wale hawakuwa watu wa kuomba na kukaa. Dua ya Alhamisi ilikuwa na miguu Ijumaa. Mmoja alimtaja dada yake, dada akamtaja jirani, na kabla wiki haijaisha Shangazi alirudi kutoka sokoni uso unang'aa kwa sababu kuna kijana anaitwa Hamisi, muuza vipuri vya magari Kariakoo, mtu mtaratibu, hana ila, na watu wake watakuja na posa Jumapili.

"Na mke wao hatoki kwenda kibaruani," Shangazi akaniambia kwa furaha, huku anashona pazia jipya la mlango. "Atakaa ndani kwa raha zake. Na posa ikipokewa tu, wewe huonekani tena barabarani mpaka siku ya harusi. Nitakusinga mwenyewe, mwili ung'ae."

Jumapili ile ilikuwa inatangulia Jumatatu yangu. Ningeweza kusema usiku ule, au kesho yake, au siku yoyote kati ya zile nne. Sikusema. Na hapa naomba nijiseme bila kujionea huruma: sikuwa mnyonge, nilikuwa mvivu wa moyo. Nilimwachia Mungu kazi ya kumwambia Shangazi. Nilikaa nikisubiri Yeye anayejua apange mambo, Hamisi apate safari, mvua inyeshe, mshenga avunje mguu. Nilisali swala zote tano kwa wakati wake, na katika hizo zote sikuwahi kutamka neno redio.

Jumapili mvua haikunyesha. Wazee watatu walikuja na kanzu zilizopigwa pasi, wakakaa ukumbini kwenye mkeka ule ule, na baba yangu mdogo Salum, aliyetoka Mbagala kusimama kama mkubwa wangu, akawapokea. Sisi wanawake tulikuwa chumbani kwa Shangazi, nyuma ya pazia jipya: Shangazi, Bi. Kibibi, Mama Anjela na mimi, nimefunikwa kanga mbili na kupakwa wanja. Kulikuwa na sambusa, visheti, na chai ya maziwa iliyojaa iliki. Kupitia pazia nilisikia barua ikisomwa, maneno mazuri, ya adabu, kuhusu ua lililoonekana katika bustani. Hakuna aliyekosea jambo siku ile isipokuwa mimi. Kisha Baba Salum akasogeza pazia kidogo, akaingiza kichwa.

"Zuhura, umesikia," akasema kwa upole. "Wamekuja kwa heshima. Unasemaje?"

Kwetu msichana akiulizwa swali hilo hangojewi kusema ndiyo. Haya zinamzuia. Akinyamaza, kimya chake ni ridhaa, na mzee anatoka nacho kwenda kuwapa wageni. Nililijua hilo. Nililijua vizuri kuliko nilivyojua chochote, na bado mdomo haukufunguka. Nilimwona Baba Salum anatabasamu. Nilimwona Shangazi anajifuta machozi ya furaha. Nikaelewa, kwa hofu iliyonipanda tangu kwenye nyayo, kwamba kimya kile kile nilichokuwa nampelekea Mungu kwa wiki tatu, sasa kinabebwa na mtu kwenda kuwa maisha yangu. Baba Salum alianza kurudisha pazia. Bi. Kibibi alikuwa kitandani amenyoosha goti lake. Hakunigusa wala hakunifinya. Alisema tu, kwa ile sauti yake ndogo ya Alhamisi, "Taja nia yako, Zuhura."

Sauti ikatoka. Sikuichagua. Ilitoka ile ya bafuni, nzito, imesimama wima, ikapita juu ya pazia na juu ya kuta zisizofika kwenye bati, ikaingia vyumba vyote sita na uani.

"Sitaki kuolewa sasa hivi. Nataka kusoma redioni. Kesho asubuhi naenda mjini kupimwa sauti."

Hakuna kijiko kilichogonga kikombe. Kisha kutoka uani, ambako mlio wa tindo ulikuwa umekatika, sauti ya Baba Anjela ikasema, "Amina."

Mama Anjela akaitikia palepale, kwa mazoea, kabla hajajua anaitikia nini. Ukumbini mzee mmoja akakohoa, na mkubwa wao akasema taratibu, "Sauti anayo." Walikuwa watu waungwana. Walimaliza chai, wakala sambusa, wakaaga. Hamisi alioa kwingine mwaka ule ule, akapata mke ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wasikilizaji wangu wakubwa. Lakini Shangazi aliikunja ile kanga ya juu aliyonifunika, akaiweka sandukuni, na hakunisemesha.

Jioni ile, kabla ya magharibi, nilimkuta Bi. Kibibi uani kwenye kigoda anachukua udhu. Nilikuwa nimelia mpaka wanja umeshuka, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikampa shikamoo, nikakaa chini.

"Unameza mwisho wa sentensi," akasema.

"Nini, Bi. Kibibi?"

"Ukisoma. Unaanza vizuri, unafika mwisho unameza, kama mtu anayeogopa kumaliza. Asubuhi zote hizi nakusikia. Bafu halina dari, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Kwa hiyo ulijua."

"Mie na Baba Anjela. Wenzetu wanakuwa wameshatoka. Hujaona anapunguza redio yake ukiingia na ndoo?"

Hasira zikanishika, nasema kweli. "Ulijua, na ukaniacha mpaka watu wakaja na posa? Mbona hukuniombea hilo?"

"Nilikuwa nakungoja." Alimwaga maji kwenye mguu wa kulia polepole, akipapasa goti. "Ningeliomba mie kabla hujalitaja, lingekuwa langu. Likija, ungelipokea kama zawadi ya mtu mwingine, siku likikushinda unalirudisha. Sasa umelisema mbele ya wazee watatu na pazia jipya. Utalirudisha kwa nani?"

"Na Mungu je? Yeye naye alikuwa ananingoja?"

"Mungu sitamsemea. Nasema langu. Mie mwanamke wa Mtoni mwenye goti, nilijua, nilikupenda, na nilingoja. Sasa sembuse Yeye."

Alfajiri alinigongea. Tulikaa wawili mkekani, na akaomba kama alivyoomba siku zote, kitu kwa jina lake: kwamba Zuhura anataka kusoma redioni, kwamba asipotee njia, na kwamba asimeze mwisho wa sentensi. Mimi nikaomba mwenyewe, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile. Nilipolisikia neno redio linatoka kinywani mwangu na ubani unapanda, sikuona aibu kama Baba Anjela alivyoyaonea yale yake. Nililia kwa utamu. Ndipo nilipojua kuwa ni langu kweli.

Nilipimwa katika chumba kilichobandikwa zulia na trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Kijana aliyenipima alisema sauti nzuri lakini nafasi za habari zimejaa, na je, ningekubali kusoma kadi za salamu mchana? Nilikubali kabla hajamaliza. Vijana wa leo hawazijui kadi zile. Mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na majina ya watu anaowasalimu, na ujumbe wa mwisho, akaileta redioni ikasomwe. Jambo lililonishangaza tangu siku ya kwanza ni kwamba nusu ya watu hawakuwasalimu walio mbali. Mume alimsalimu mke aliyekuwa anampikia wakati ule. Dada alimsalimu mdogo wake wa kitanda kimoja. Niliyauliza yale yale niliyomuuliza Shangazi kuhusu belo, ila safari hii niliyauliza nikiwa na kadi mkononi na watu wakisubiri.

Shangazi alikaa miezi miwili bila kunisemesha. Hata hivyo kila niliporudi nilikuta chakula changu kimefunikwa, na kipande changu cha samaki kilikuwa kikubwa kuliko chake. Kwa hiyo nilijua amenisamehe. Nilikuwa na hakika kabisa, na nilijiambia kwamba yanatosha. Mchana mmoja nikachukua kadi iliyo juu, nikaanza kusoma bila kuipitia kwanza. Ilikuwa kwa mwandiko wa Anjela, lakini maneno yalikuwa ya Shangazi mwenyewe: "Mwajuma muuza mitumba wa Mtoni anamsalimu Zuhura, tunayekaa naye chumba kimoja. Anasema yamekwisha. Ujumbe: belo la leo lilikuwa la makoti." Sikufika mwisho. Fundi mitambo alinitazama kwenye kioo, akaweka muziki. Nililia kwenye meza ile ya redio nikacheka, nikalia tena, kwa jambo ambalo nilikuwa nalijua miezi miwili. Niliporudi jioni alikuwa anakaanga samaki.

"Umepata salamu zangu?" akauliza bila kugeuka.

"Nimezipata, Shangazi."

"Umemeza mwisho," akasema, akanisogezea kigoda.

Hayo yote yalinipitia juu ya mkeka wa arobaini. Shangazi Mwajuma alikwisha kutangulia, na Baba Anjela pia. Mama Anjela alikuwa palepale kizingitini, mkongwe, rozari shingoni, hana tena mihogo ya kumenya kwa kuwa mikono inatetemeka. Rehema alikuwa bado ananingoja, na sikuona haraka usoni mwake. Ana macho ya bibi yake. Nilijua Mungu anajua. Sijawahi kuacha kulijua hilo. Lakini nilijua pia mwenye mkeka ule angesema nini kama ningemtajia hewa.

"Nia yetu ni Bi. Kibibi," nikasema, na sauti ikatetemeka, nikaiacha itetemeke. "Ya Rabbi, umsamehe, umpanulie kaburi lake. Umwambie Zuhura anamkumbuka, na alfajiri upweke unamzidi. Na goti lake lisimuume tena." Hapo nikavuta pumzi, nikasema mpaka mwisho, kila silabi. "La kulia, Ya Rabbi. Si la kushoto. La kushoto alikushukuru."

Amina ya kwanza ilitoka kizingitini.